Kiatu cha Safari Kichaguliwe kwa Kipimo cha Unyayo

Neno safari kwa Mswahili lina maana pana kuliko ile iliyozoeleka katika vitabu vya watalii. Kwa mtalii, safari ni kuketi garini na kutazama wanyama. Kwa mwenyeji, safari ni mwendo wowote wa kutoka pahala hata pahala, na kwa karne nyingi mwendo huo ulikuwa wa miguu. Wapagazi wa karne ya 19 waliochukua mizigo baina ya Bagamoyo na Ujiji walikwenda zaidi ya kilometa 1,000 kwa nyayo zao. Hata leo, mwanafunzi wa sekondari anayepelekwa katika ziara ya mafunzo, iwe mbugani, msituni, mlimani au ufukweni, hufika huko kwa basi, lakini mafunzo yenyewe huyapata akiwa anatembea.

Shule inapoandaa ziara hushughulikia nauli, chakula, vibali na ratiba. Jambo moja aghalabu husahauliwa, nalo ni viatu. Mwanafunzi huamriwa avae sare kamili, yaani viatu vyeusi vya ngozi vya darasani, ama huachiwa avae apendavyo, naye huchagua vile vipya vinavyong'aa ili apendeze katika picha. Kabla ya adhuhuri wapo wanaochechemea. Mwalimu akieleza aina za miti au tabaka za miamba, wao huwaza visigino vyao. Ziara ambayo wazazi wameichangia kwa shida hupotea kwa sababu ya lengelenge lenye upana wa sarafu.

Uchaguzi wa kiatu cha safari ni suala la sayansi, na shule haina budi kulifundisha na kulisimamia hivyo. Sare, fahari na bei si vigezo vya kutosha. Vigezo vyenye haki ya kutangulia ni vitatu: umbo la unyayo, hali ya ardhi itakayokanyagwa, na umbali utakaotembewa.

Unyayo ni chombo cha namna gani?

Mguu mmoja wa binadamu, kuanzia kifundo hata ncha za vidole, una mifupa 26. Miguu miwili ina mifupa 52, ilhali mwili mzima wa mtu mzima una mifupa 206. Maana yake ni kwamba robo ya mifupa yote ya mwili imekusanyika katika sehemu hiyo ndogo inayogusa ardhi. Mifupa hiyo imeungwa kwa kano na misuli na kupangwa mithili ya tao la daraja. Tao hilo hulegea kidogo linapopokea uzito, kisha hujikaza na kuusukuma mwili mbele.

Chombo hiki ni cha kale mno. Mwaka 1978 watafiti walioongozwa na Mary Leakey waligundua huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, njia yenye nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu waliopita juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Katika nyayo hizo dole gumba limelala sambamba na vidole vingine, na alama ya kisigino imedidimia barabara. Wenye nyayo hizo walitembea kwa miguu miwili muda mrefu kabla ya mtu yeyote kushona kiatu.

Yafuatayo ni mafunzo yake. Unyayo ulikuwapo kwanza, na kiatu kimekuja baadaye kuutumikia. Kiatu kinachobana vidole mbele, au kinachozuia tao lisilegee na kujikaza, kinapingana na kazi ya mifupa 26. Sehemu iliyo pana zaidi ya mguu ni pale vidole vinapoanzia, kwa hiyo kiatu kilichochongoka mbele ni kiatu cha sebuleni, wala hakifai kuvaliwa njiani.

Chanzo cha malengelenge

Watu wengi hudhani kwamba lengelenge husababishwa na ngozi kuchomwa au kukwaruzwa kwa juu. Kisa chenyewe ni kingine. Kiatu kinapoishika ngozi ya nje na mfupa wa ndani ukaendelea kusogea, tabaka za ngozi zilizo katikati huvutwa huku na huku. Mvuto huo ukirudiwa mara nyingi, chembechembe za tabaka la kati huachana, na nafasi inayobaki hujaa majimaji. Basi mambo matatu yanapokutana, yaani msuguano, unyevu na marudio, lengelenge haliepukiki.

Marudio hayo yanaweza kuhesabiwa darasani. Hatua moja ya mwanafunzi wa kadiri ni kama sentimeta 70. Katika kilometa 10 atapiga hatua 14,000 na ushei, na kila mguu utakanyaga zaidi ya mara 7,000. Mshono mdogo uliochomoza ndani ya kiatu, ambao dukani ulionekana si kitu, utamgusa mara 7,000 kabla ya jua kutua.

Unyevu nao huzidisha msuguano, kwa kuwa ngozi iliyolowa kidogo hunata zaidi kuliko ngozi kavu. Hapa ndipo soksi zinapopata umuhimu wake. Soksi ya pamba hunywa jasho na kulishika, kwa hiyo katika mwendo mrefu hubaki imelowa. Soksi ya sufu, au ya nyuzi za viwandani zilizofumwa kwa ajili ya michezo, hupitisha jasho kwa wepesi zaidi. Asiyekuwa nazo na achukue jozi mbili za soksi alizo nazo, abadilishe katikati ya safari, na zile zilizolowa azianike juu ya mkoba wake. Soksi iliyotoboka au iliyojikunja ni adui kuliko kutokuwa na soksi kabisa.

Buti zito si lazima liwe bora

Ipo imani kwamba kadiri kiatu kinavyokuwa kizito na kigumu ndivyo kinavyofaa kwa safari. Imani hiyo imeenea kwa sababu ya picha za askari na wapanda milima. Lakini mwaka 1969 wachunguzi wawili wa Marekani, Soule na Goldman, walipima nishati inayotumiwa na mtu anayetembea akiwa na mzigo kichwani, mikononi au miguuni. Waliona kwamba kila kilo iliyofungwa miguuni hugharimu nishati mara 4 hadi 6 ya ile inayotumika kwa kila kilo ya uzito wa mwili wenyewe. Mzigo wa kichwani haukufika hata mara moja na nusu.

Sababu yake hueleweka kwa kanuni za Newton. Kiwiliwili husogea mbele kwa kasi isiyobadilika sana. Mguu, kwa upande wake, husimama kabisa unapokanyaga, kisha hurushwa mbele kwa kasi ipitayo ile ya kiwiliwili, kisha husimamishwa tena. Kila hatua ni kuanza upya. Mwanafunzi aliyevaa buti za kilo 1.8 kwa jozi, mahali ambapo raba za kilo 0.8 zingetosha, ni sawa na aliyebebeshwa dumu la maji la lita 5 kutwa nzima bila sababu. Akichoka huburura miguu, na aburutaye miguu hujikwaa.

Wala haina maana kwamba kiatu chembamba ndicho bora siku zote. Mwanafunzi wa kilo 50 ana uzito wa Nyutoni 500 hivi. Akisimama kwa mguu mmoja juu ya ardhi tambarare, na unyayo wake ukagusa eneo la sentimeta za mraba 100, kanieneo ni Nyutoni 5 kwa kila sentimeta ya mraba. Akikanyaga kokoto yenye eneo la sentimeta 1 ya mraba, ikabeba sehemu moja tu ya kumi ya uzito wake, mahali pale patapata Nyutoni 50, yaani mara kumi. Soli yenye unene wa kutosha huitawanya kani hiyo. Kwa hiyo anayepita penye mawe makali atafute soli nene iliyo nyepesi, inayopinda pale vidole vinapopinda na isiyopinda katikati ya tao.

Namba ya kiatu na hadaa yake

Wanunuzi wengi hutaja namba yao kama watajavyo jina lao. Namba hiyo ni kipimo, na vipimo hutofautiana. Katika mfumo wa bara la Ulaya namba moja ni thuluthi mbili za sentimeta. Kiatu namba 39, kwa mfano, hushonwa juu ya kalibu yenye urefu wa sentimeta 26. Katika mfumo wa Uingereza namba moja ni thuluthi ya inchi, kama milimeta 8.5. Zaidi ya hayo, kila kiwanda kina kalibu zake, zikiwa nene au nyembamba, hata viatu viwili vyenye namba moja vikawa havilingani.

Kipimo cha kuaminika ni unyayo wenyewe. Mwanafunzi asimame wima juu ya karatasi iliyowekwa ukutani, kisigino kikigusa ukuta, na mwenzake apige mstari mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Urefu upimwe kwa rula. Kazi hiyo ifanywe kwa miguu yote miwili, maana ni nadra kwa miguu ya mtu mmoja kulingana kabisa, na kiatu kichaguliwe kwa kufuata ule ulio mkubwa. Ifanywe pia alasiri, kwa kuwa mguu huvimba kidogo baada ya kutwa ya kusimama na kutembea. Ndani ya kiatu cha safari ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu. Hivyo mwenye mguu wa sentimeta 24.5 huanza kutafuta kwenye namba 39, kisha huthibitisha kwa kuvaa na kutembea.

Kuna desturi ya wazazi kumnunulia mtoto kiatu kikubwa kwa namba mbili tatu ili akue nacho. Kwa mujibu wa uchumi wa nyumbani desturi hiyo inaeleweka. Kwa safari, hata hivyo, kiatu kinachopwaya kina madhara sawa na kinachobana, kwa sababu kisigino hupanda na kushuka ndani yake, na huo ndio mvuto uletao malengelenge. Ikiwa hapana kingine, soksi nene na kamba zilizokazwa vema juu ya tao zitapunguza madhara.

Mitumba ina ushauri wake. Kiatu kilichovaliwa kimekwisha kupokea umbo la mguu wa mwenye kwanza. Tena soli za aina ya poliyurethani huharibika kwa unyevu wa hewa hata zikiwa ghalani, na huweza kumeguka ghafla njiani ingawa kwa nje zaonekana mpya. Mnunuzi akipinde kiatu, aibonyeze soli kwa kidole gumba, na aangalie kama ina nyufa au inamenyeka. Kisha akivae kwa matembezi ya nyumbani kabla ya kukiamini porini.

Kila ardhi na kiatu chake

Katika Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, wageni hutembea kwa miguu, na njia ya kwenda kwenye maporomoko ya Sanje yenye kimo cha meta 170 hupanda na kuteremka katika msitu wenye unyevu. Hapo kinachohitajika ni soli ya mpira yenye mifereji mirefu. Maji na tope juu ya jiwe hufanya utando unaotenganisha soli na jiwe, na mifereji huupa utando huo pa kutokea. Soli ya plastiki ngumu au ya ngozi laini, kama ya viatu vingi vya sare, haina mifereji hiyo, na huteleza.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro mambo mawili huongezeka. Kwanza, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila meta 1,000, na kilele kiko meta 5,895. Kiatu kinachobana huzuia damu isifike vidoleni, na kidole kisichopata damu hakipati joto. Pili, wakati wa kuteremka uzito wa mwili husukuma mguu mbele, vidole vikagonga ncha ya kiatu maelfu ya mara, na kucha hugeuka nyeusi. Dawa yake ni kukaza kamba kwenye kifundo kabla ya kuteremka, na kukata kucha siku chache kabla ya safari.

Katika nyika yenye migunga, miba hutoboa ndala kwa urahisi, na katika nyasi ndefu nyoka aina ya kifutu hulala kimya bila kukimbia. Kwa kuwa nyoka huuma mara nyingi kwenye unyayo na sehemu ya chini ya mguu, kiatu kilichofunika mguu mzima, pamoja na suruali ndefu, ni kinga yenye maana. Ufukweni penye matumbawe, raba kuukuu zinazoweza kulowa zinafaa kuliko kitu kingine chochote.

Je, kwenda peku?

Wapo watakaouliza kwa nini kiatu kipewe uzito wote huu ilhali mababu walikwenda peku. Swali hilo ni la haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature, uliohusisha watu wa Kenya na wa Marekani, ulionyesha kwamba sugu ya unyayo wa mtu aliyezoea kwenda peku hulinda ngozi bila kupunguza hisi yake ya kugusa. Katika jambo hilo maumbile yameushinda ufundi wa viwandani.

Lakini sugu haizuii vimelea. Mwishoni mwa karne ya 19, Arthur Looss, aliyekuwa akifanya kazi Misri, aligundua kwamba viluwiluwi vya minyoo ya safura hupenya ngozi na kuingia mwilini. Viluwiluwi hivyo huishi katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, na minyoo ikikomaa hunyonya damu tumboni hata mtu akapungukiwa damu. Funza naye, ambaye asili yake ni bara la Amerika, alifika Angola mwaka 1872 na kuenea hadi Afrika Mashariki kabla ya karne ile kwisha. Katika nyanda za juu za Ethiopia, Uganda na Rwanda uko uvimbe wa miguu unaofanana na matende, usiotokana na mbu, ambao huwapata watu waliokanyaga udongo mwekundu wa volkano bila viatu kwa miaka mingi. Jeraha la mwiba nalo laweza kupitisha vijidudu vya pepopunda.

Mfano wa Abebe Bikila wa Ethiopia wapaswa kusomwa kwa makini. Mwaka 1960 alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Rome akiwa peku, kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1964 alishinda tena, mjini Tokyo, kwa saa 2 dakika 12 na sekunde 11, akiwa amevaa viatu na soksi. Mguu uliozoezwa huweza kufanya kazi kwa namna zote mbili. Hatari imo katika kubadilisha ghafla, ama kuvua viatu siku ya safari kwa mguu uliozoea kufunikwa, ama kuvaa siku hiyo kiatu ambacho mguu haujakijua.

Hoja za wapinzani

Hoja ya kwanza ni ya sare. Husemwa kwamba sare huleta usawa na nidhamu, na kwamba shule ikiruhusu kila mtu avae kiatu chake, watoto wa wenye nacho wataringa. Hoja hii ina uzito darasani na gwaride. Porini haina uzito huo, kwa sababu shule hiyo hiyo humruhusu mwanafunzi kuvua sare anapoingia uwanja wa michezo. Ziara ya kutembea kilometa 10 ni kazi ya mwili kama mpira. Nidhamu ya kweli ni kumtaka kila mwanafunzi aje na kiatu kilichopimwa na kukaguliwa.

Hoja ya pili ni ya gharama. Hapa yafaa isemwe wazi kwamba ushauri huu hautaki mtu yeyote anunue kitu kipya. Kinyume chake, kiatu kikuukuu kilichokwisha kuzoeana na mguu, chenye soli nzima, hushinda kiatu kipya cha bei kubwa. Hata katambuga za mpira wa gurudumu, zikiwa na mikanda isiyokwaruza, zaweza kufaa katika njia kavu isiyo na nyasi ndefu. Rula, karatasi na penseli tayari vimo darasani.

Kwa hiyo kila shule inayoandaa ziara ingefanya mambo manne. Wiki nne kabla ya safari, kipindi kimoja cha fizikia au biolojia kitumike kupima nyayo na kukokotoa kanieneo na idadi ya hatua. Wiki tatu kabla, atakayevaa kiatu kipya aanze kukivaa, kwanza saa moja kwa siku, kisha zaidi. Wiki moja kabla, wote watembee kilometa chache wakiwa na viatu na soksi za safari, na mwalimu akague miguu yao baadaye. Siku ya safari, mkoba wa huduma ya kwanza uwe na plasta za kutosha, na anayehisi mahali pamepata joto kiatuni asimame papo hapo abandike plasta kabla lengelenge halijatokea. Likitokea dogo, lisitoboliwe, maana ngozi yake ni kinga.

Pendekezo hili la mwisho huwa gumu zaidi, kwa sababu mwanafunzi huona haya kuwasimamisha wenzake. Mwalimu na atangulie kusema kwamba kusimama si uvivu. Mwalimu mwenye kisukari, ambaye ugonjwa huo huweza kumpunguzia hisi ya miguu, naye akague miguu yake kwa macho kila jioni ya safari, kwani huenda asihisi jeraha lililokwisha kuanza.

Nchi hutumia fedha nyingi kuwafikisha vijana mahali ambapo maumbile yanaweza kuonekana kwa macho na kuguswa kwa mikono. Ni hasara kwamba kijana afike Olduvai, Udzungwa au Marangu, kisha mawazo yake yote yawe katika kisigino kimoja. Rula yenye urefu wa sentimeta 30 yatosha kuizuia hasara hiyo, ikitumiwa mapema.